Binamu wa Mweka Hazina

Nolfa Arriagada alifanya kazi katika ofisi ya hazina ya halmashauri ya Trapalhue miaka thelathini na sita. Watu wanaokuja kutoka mji mkuu kumwandika husema alikuwa wa kwanza wa namna yake kushika fedha za umma katika kusini yetu yote. Wakifika kwenye "namna yake" hupunguza sauti, utadhani wanataja ugonjwa. Yeye akiulizwa hujibu habari za mkate. Wengi huondoka wamevunjika moyo, maana walifunga safari ya saa kumi na mbili kutafuta mapambano, wakaishia kutajiwa bei ya unga. Lakini hakuwa akiwakwepa. Habari yenyewe ilikuwa ya mkate.

Aliingia kazini mwaka 1979, ana miaka kumi na tisa. Alipewa mkoba wa ngozi na kitabu cha risiti, akaambiwa azunguke sokoni kukusanya ushuru wa vibanda. Enzi hizo jeshi ndilo lililoshika nchi, na wauza samaki walikuwa wakiogopa askari kwa kiasi. Nolfa walimwogopa zaidi. Askari ungempa kapu la kome akaenda zake, lakini huyu binti alikataa hata kome mmoja wa kuonja. "Huyu kazaliwa na risiti mkononi," walisema, na kwa kweli hawakumpenda.

Uhasibu alijifunza kwa posta, masomo yakija kwenye bahasha kutoka mji wa Valdivia. Alipanda ngazi taratibu: karani, keshia, msaidizi. Mwaka 2002 mkurugenzi wa fedha alipostaafu wakamkaimisha nafasi ile, na akakaimu miaka minne. Kwetu mwanaume akikaimu miezi sita anathibitishwa na kunywewa divai. Mwanamke huambiwa asubiri mtihani. Nolfa alisubiri, akafunga hesabu za kila mwaka bila peso moja kupotea, wala hakulalamika mbele ya mtu.

Kosa lake la kwanza kazini alilifanya mwaka 1984, na ndilo lililomletea Ercilia Oyarzo, mwenye duka la mkate la njia ya mtoni. Ercilia alikuja dirishani na leseni yake ya biashara mkononi, mabega mapana, mikono imejaa alama za tanuri.

"Dada, umenitoza zaidi."

"Sijakutoza zaidi."

"Hesabu tena basi. Mimi nina muda."

Nolfa akahesabu tena. Alikuwa amemzidishia peso mia nne. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, na jioni ile, badala ya kungoja utaratibu wa marejesho, alizipeleka zile peso dukani mwenyewe kwa miguu. Ercilia alimkaribisha chai na mkate wa moto na siagi. Akakaa mpaka duka likafungwa. Kabla ya mwaka kwisha Ercilia alikuwa amehamia na masanduku yake mawili kwenye nyumba ya Nolfa na mama yake.

Jirani wa kwanza kuuliza alijibiwa na mama mtu, bila kupepesa macho: "Ni binamu yake Nolfa, wa upande wa visiwani." Basi, ikawa imekwisha. Trapalhue ndivyo tulivyo. Watu wawili wakiishi nyumba moja, na mtu hajui awaite nani bila kuharibu chai, huitwa mabinamu. Miaka ile tulikuwa na jozi nne za mabinamu wa aina hiyo: wanaume wawili wa kiwanda cha mbao, walimu wawili wa shule ya masista, mstaafu wa reli na mpishi wake, na hawa. Hakuna aliyedanganyika. Ilikuwa ni adabu tu. Kadi za mialiko ziliandikwa "Bi Nolfa na binamu yake", na mama alipofariki, padre alitangaza kanisani kwamba marehemu ameacha binti mmoja na mpwa mmoja mpendwa. Ercilia, ambaye ndiye aliyemwogesha yule bibi miaka mitatu ya mwisho, alikaa benchi la pili, nyuma ya wajomba ambao hawakuwahi hata kuja kumjulia hali.

Nolfa alikuwa na sharti moja tu nyumbani: Ercilia asiiuzie halmashauri hata kipande cha mkate. Ercilia alilishika sharti hilo miaka ishirini na miwili. Haikuwa rahisi, kwa sababu kila mwaka halmashauri hununua mkate kwa ajili ya mabweni ya shule, kilo mia mbili kwa siku, na kila mwaka zabuni aliichukua Don Gumercindo Leal, ambaye kilo yake, kama kila mama mwenye mtoto bwenini alivyojua, ilikuwa gramu mia tisa.

Mwaka 2005 duka kubwa la kujihudumia lilifunguliwa karibu na stendi ya mabasi, likaanza kuuza mkate kwa bei ya kutupa. Wateja wa Ercilia wakapungua nusu. Mwaka huohuo tanuri lake la matofali lilipasuka, akakopa peso milioni sita anunue la gesi. Alilipa marejesho ya mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wa nne akauza cherehani.

Januari Nolfa alikwenda mji mkuu wiki tatu, kwa mafunzo na kwa ule mtihani aliousubiri miaka minne. Zabuni ya mkate ikatangazwa yeye akiwa huko. Ercilia akaiomba bila kumwambia. Kamati ikapima mikate kwenye mizani ya posta, ya Ercilia ikafika uzito na kuzidi, na bei yake ilikuwa ya chini. Alishinda kihalali kabisa, na hata leo hakuna aliyewahi kusema vingine.

Tatizo lilianzia kwenye fomu. Fomu ya zabuni ina swali kama mwombaji ana uhusiano na mtumishi yeyote wa halmashauri. Ercilia aliandika hapana, kwa kuwa kisheria hawakuwa chochote. Aliyezipokea fomu alikuwa Yasna, keshia mdogo, msichana mwenye moyo mzuri na mwandiko mzuri zaidi. Yasna aliona Bi Ercilia amepitiwa. Hakutaka bosi wake aje aonekane ameficha ndugu. Basi akalifuta lile hapana kwa wino mweupe, akaandika kwa uangalifu: "Binamu wa kaimu mkurugenzi wa fedha." Alidhani anatenda wema, na katika mji mwingine wowote asingedhani hivyo.

Nolfa aliporudi aliambiwa habari za mkate na dereva wa basi, kabla hata hajashusha begi. Alifika nyumbani akamkuta Ercilia anamenya viazi.

"Ungeniambia lini?" aliuliza.

"Leo. Ukishakula."

"Ercilia, tulikubaliana."

"Tulikubaliana wakati nina tanuri na wateja. Sasa nina tanuri na deni. Ulitaka nikae nimtazame Leal akiwalisha watoto hewa, kisa mimi nalala na mweka hazina?"

"Ni mimi ninayesaini malipo."

"Basi saini. Mkate ni mzuri. Au unasemaje, mkate wangu si mzuri?"

Ulikuwa mkate bora mjini, na Nolfa alikuwa ameula asubuhi zote za maisha yake ya utu uzima. Walikula viazi. Kesho yake aliomba faili, akaona wino mweupe na mwandiko wa Yasna. Akaifunga, akakaa nayo kifuani kwa muda mrefu.

Shule zikafunguliwa mwezi Machi, mkate ukaanza kwenda mabwenini. Watoto wakaandika barua nyumbani kwamba mkate mwaka huu unashibisha. Hati ya kwanza ya malipo ilipofika mezani, Nolfa hakuisaini. Haikupita wiki, Don Gumercindo Leal akaenda kuisoma faili ya zabuni, kama kila mwananchi anavyoruhusiwa, akaandika malalamiko kurasa tano kwa baraza la madiwani kwamba mkate wa umma umepewa binamu wa mweka hazina.

Meya, Don Evaristo Maldonado, alimwita Nolfa ofisini. Wakili wa halmashauri, Iturra, alikuwa tayari amekaa, uso umekunjuka, ana habari njema ya kutoa.

"Bi Nolfa, kaa," alisema meya. "Kwanza hongera. Matokeo yamekuja. Umekuwa wa kwanza mkoa mzima, umewaacha mbali wale vijana wa chuo kikuu. Jumanne ijayo baraza linakuthibitisha."

"Asante, Don Evaristo."

"Sasa hili la Leal. Wakili, mwambie."

Iturra alifungua kitabu cha sheria mahali alipokuwa ameweka kijiti cha kiberiti. "Ni jambo jepesi mno, nakuambia, nimecheka peke yangu. Sheria inakataza kumpa zabuni mke au mume wa mtumishi, watoto wake, na ndugu wa damu mpaka daraja la tatu. Binamu ni daraja la nne. La nne! Leal kaandika kurasa tano kulalamikia kitu kinachoruhusiwa." Akamsogezea karatasi. "Wewe saini tu hapa, tamko la kiapo kwamba Ercilia Oyarzo ni binamu yako. Mkate unaendelea, kazi unapata, na Leal arudi akapime kilo zake."

Nolfa aliitazama ile karatasi. Ilikuwa imepigwa chapa vizuri.

"Wakili, unajua kwamba si binamu yangu."

Iturra alijitia hamnazo, akarekebisha miwani. Meya akageukia dirishani kama mtu aliyesikia honi ya gari lake.

"Mimi ninachojua," alisema Iturra, "ni kwamba mji mzima utakuja hapa kutoa ushahidi kwamba ni binamu yako. Hata Leal mwenyewe keshaandika. Nani ataenda kuchimba vyeti vya bibi zenu?"

"Na nikiandika kwamba si ndugu yangu?"

"Hapo fomu inakuwa na uongo, na mwandiko ni wa Yasna. Itabidi tumfukuze msichana wa watu. Unataka hivyo?"

"Sitaki."

"Basi yote mawili yanakwisha kwa saini moja. Mama, tukusaidie vipi zaidi?"

Na kwa kweli walikuwa wanamsaidia. Hilo ndilo lililomkaba. Hakuna hata mmoja mle ndani aliyemtakia mabaya. Mji ule uliomwita msichana wa risiti ulikuwa umejenga uongo kwa ajili yake, ukautunza miaka ishirini na miwili, na sasa uongo ule ulikuwa umeota kifungu cha sheria. Alichukua karatasi, akasema ataileta Jumanne.

Nyumbani Ercilia aliisoma akiwa amesimama, mikono ina unga, akiishika kwa ncha za vidole.

"Saini," alisema.

"Ni kiapo."

"Ndiyo, nimeona, kiapo. Nolfa, nimekuwa binamu kwenye harusi, kwenye ubatizo, kwenye mazishi ya mama yako. Nimekuwa binamu hospitali ulipotolewa kibofu cha nyongo, nikawekwa nje kwenye korido pamoja na mtu aliyeleta maua. Hapo kote kiapo chako kilikuwa wapi?"

"Pale sikuwa natia saini."

"Ah! Kumbe uongo wa mdomo ruksa, wa kalamu ndio dhambi."

 Nolfa alijua amekamatwa. Kisha akasema polepole, maana alikuwa hajawahi kulisema hata kwa nafsi yake: "Pesa ikiingia kwako inaingia kwangu. Nikisaini malipo yako, najilipa mwenyewe. Hicho ndicho Leal anachouliza, hata kama hajui. Na mimi najua jibu."

"Na tanuri?"

"Nitakuwa na mshahara wa mkurugenzi. Tutalipa."

"Sitaki kulipiwa tanuri!" Ercilia aliitupa karatasi mezani. "Nataka kuuza mkate. Nimeshinda zabuni, mimi, kwa mikono hii, mara ya kwanza maishani nimeshindana na wanaume nikawashinda. Na wewe unataka kuninyang'anya ili roho yako ilale usingizi."

Hayo yalikuwa kweli pia. Nolfa alitaka kumwomba msamaha, akaona msamaha wa kitu ambacho bado atakitenda hauna maana, akaenda kuchukua kuni.

Jumanne mvua ilinyesha na ukumbi wa baraza ulijaa, kwa kuwa mvua ikinyesha kwetu hakuna pengine pa kwenda. Don Gumercindo Leal alikaa mbele, amevaa tai. Ercilia alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, hajavua koti. Meya alipouliza kama kaimu mkurugenzi ameleta tamko lake, Nolfa akasimama. Karatasi ya Iturra ilikuwa mfukoni haijasainiwa. Aliyoishika aliiandika mwenyewe kwa mkono, mistari sita, akaisoma kwa sauti ileile anayosomea taarifa ya robo mwaka.

"Mimi, Nolfa Arriagada, naapa kwamba Ercilia Oyarzo si binamu yangu wala ndugu yangu wa damu. Neno binamu liliandikwa kwenye fomu kwa nia njema na kwa sababu mji wote unalisema, nami nililiacha lisemwe. Mtu asiadhibiwe kwa hilo. Tunaishi pamoja miaka ishirini na miwili, meza moja na kitanda kimoja. Sheria haina jina la jambo hilo, lakini fedha zake ni zangu na zangu ni zake. Kwa hiyo nina maslahi katika mkataba huu, na siwezi kuulipa."

Mvua ilisikika juu ya bati. Yasna, aliyekuwa akiandika kumbukumbu, aliacha kuandika, akaanza kulia waziwazi. Diwani mmoja mzee akauliza kama "kitanda kimoja" ni lazima kiingie kwenye kumbukumbu. Katibu wa baraza akasema kimekwisha kusomwa, kitaingia.

Wa kwanza kusimama alikuwa Leal, mwekundu mpaka shingoni. "Mheshimiwa meya, niseme kitu. Mimi nililalamikia undugu tu. Undugu! Sikuomba kuingia chumbani kwa mtu."

"Hukuingia, Don Gumercindo," alisema Nolfa. "Nimekufungulia mwenyewe."

Watu wachache walicheka, na kicheko kile kikawaokoa wote. Iturra akaulizwa sheria inasemaje. Alipekua kitabu chake mbele, akapekua nyuma, na mwisho akakiri hakuna kifungu: mwanamke huyu, mbele ya sheria, alikuwa hana mtu. Mkataba usingeweza kuvunjwa kwa sheria ya ndugu. Ila ungeweza kuvunjwa kwa sababu mlipaji mwenyewe ametangaza maslahi. Wakapiga kura. Madiwani wote sita walikubali uvunjwe mwisho wa mwezi, mkate uliokwisha kuliwa ulipwe kwa saini ya meya. Yasna akapewa onyo la mdomo. Ikafuata ajenda ya kumthibitisha mkurugenzi wa fedha. Wawili walikataa, mmoja kwa sauti na mmoja kwa kutazama viatu vyake. Wanne walikubali.

Ndivyo ilivyokuwa. Katika kikao kimoja Nolfa alipata kazi yake na Ercilia akapoteza yake, na ni mkono mmoja uliotenda yote mawili. Alipogeuka kumtafuta, nafasi ya karibu na mlango ilikuwa tupu.

Siku tisa Ercilia hakumsemesha. Alipika, akaweka sahani mbili, akala akitazama dirisha. Aliamka alfajiri akaenda dukani, akarudi jioni. Dukani watu waliongezeka kidogo, wengine kwa kumwonea huruma na wengine kwa kutaka kumwona vizuri. Aliwauzia wote kilo kamili. Nolfa naye alikwenda ofisini, akakaa kwenye kiti alichokikaimu miaka minne, na hakikumpa raha hata kidogo. Gazeti la mkoa liliandika mistari minane. Mstaafu wa reli na mpishi wake walimletea chupa ya divai, wakaiacha mlangoni bila kadi. Alianza kufikiri kwamba haki aliyoitenda imemgharimu nyumba, na wazo hilo lilimtia hofu ambayo hata wakati wa jeshi hakuijua.

Tarehe thelathini ya Machi ni siku moja kabla ya siku ya mwisho ya kulipia vibali vya magari, na nchi nzima hungoja mpaka siku hizo. Ukumbi wa hazina ulifurika. Watu walipanga foleni mpaka ngazini, na karatasi za magari zimelowa mvua mikononi mwao. Nolfa alikuwa nyuma ya kioo, anasaini risiti za dirisha la tatu, alipomwona Ercilia katikati ya foleni kati ya dereva wa lori la magogo na mama mwenye mtoto mgongoni. Ercilia hana gari.

Alipanga foleni dakika arobaini. Alipofika kwa Yasna, msichana alipauka.

"Bi Ercilia, jamani, nisamehe, mimi ndiye..."

"Usinililie hapa, Yasna, foleni ndefu. Nataka nakala ya azimio la baraza namba arobaini na saba. Yenye muhuri."

"Lakini si walikuletea barua? Ni lilelile la kuvunja mkataba."

"Barua ninayo. Barua haina muhuri. Nataka ile inayosema," na hapa aliikariri, maana alikuwa ameisoma mara nyingi, "kwamba mzabuni Ercilia Oyarzo ni mwenzi wa maisha wa kaimu mkurugenzi wa fedha Nolfa Arriagada."

"Ya nini sasa, Bi Ercilia? Umeshapoteza."

"Ndiyo, nimepoteza. Miaka ishirini na miwili, na hakuna karatasi hata moja ya serikali yenye majina yetu pamoja. Hii inayo. Imenigharimu mkate wa mwaka mzima, siendi nyumbani bila hiyo. Bei gani?"

"Peso mia nane hamsini."

Ercilia alihesabu sarafu. Yasna akaandika risiti, na kwa kuwa risiti za nakala husainiwa na mkuu wa fedha, akageuka na kuipitisha chini ya kioo. Nolfa aliitazama. Machozi yalikuwa yamemjaa na hakujishughulisha kuyafuta. Alikamata kalamu, akaiweka chini. Kisha akainuka, akafungua mlango mdogo wa pembeni, akatoka kwenye ukumbi wa wananchi, jambo ambalo wakuu wa fedha hawalifanyi.

"Siwezi kuisaini," alisema.

Ercilia akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumanne. "Peso mia nane hamsini, Nolfa."

"Hata peso moja. Nina maslahi. Lazima asaini katibu."

"We mama!" dereva wa magogo akapaza sauti nyuma. "Sisi tunalowa hapa! Maslahi gani hayo kwenye kipande cha karatasi? Huyu ni nani wako?"

Foleni nzima ilimjua Ercilia ni nani wake, isipokuwa dereva, ambaye alikuwa mtu wa kuja. Watu wakageuza macho kwenye vibali vyao. Zamani kungekuwa na mtu wa kumjibu kwa niaba yao, lile jibu la adabu. Safari hii hakuna aliyefungua mdomo.

"Ni mke wangu," alisema Nolfa.

Dereva akafikiri kidogo. "Haya basi," alisema. "Mwiteni huyo katibu."

Katibu alikuwa ametoka kwenda kula, na Yasna alikimbia kumfuata kwenye mvua bila mwavuli. Wengine walihamia dirisha la pili. Nolfa hakurudi ndani ya kioo. Alibaki upande wa wananchi, amesimama kwenye foleni pamoja na Ercilia, wakingoja.